Matundu matano ya Mama Mdogo

Siku ya pili baada ya upasuaji, Mama Mdogo aliniita kwa kidole, akanivuta karibu na mto wake na kuninong'oneza kama mtu anayetoa siri ya nyumba: "Mwanangu, hawa watu wamekosea. Wamenipasua bega."

Nikalikagua. Bega la kulia lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Tumboni ndiko kulikokuwa na kazi: plasta nne fupi, mrija uliochomoza kwenye tundu la tano ubavuni kushoto, na plasta moja ndefu kidogo chini kabisa, juu ya kovu lake la zamani la kujifungua kwa operesheni. Lakini yeye alilalamikia bega, na alilalamika kwelikweli, mpaka akaanza kunitajia majina ya watu wa Tanga ambao huenda wamemfanyia kitu.

Nesi alipokuja alicheka. Ni hewa, akasema. Kwenye upasuaji wa namna hii tumbo hupulizwa kaboni dayoksaidi ili ngozi na misuli vinyanyuke, madaktari wapate nafasi ya kuona na kufanya kazi, kama vile turubai la shughuli linavyoinuliwa kwa miti ili watu wakae chini yake. Hewa hiyo hukisumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni sehemu moja na mishipa inayohudumia bega. Basi ubongo unadanganyika. Kesho yake maumivu yalikwisha, na watu wa Tanga wakasamehewa.

Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananipigia simu. "Nasikia mgonjwa wenu alifanyiwa ule upasuaji mdogo, na sisi tuna wetu." Na kila mara naanza kwa kulirekebisha hilo neno. Kwa Kiswahili tunasema upasuaji wa matundu madogo. Ni jina zuri tu, ila kwenye kundi letu la WhatsApp la familia lilichukua siku mbili kupoteza neno la katikati. Siku ya kwanza, "upasuaji wa matundu madogo". Siku ya pili, "upasuaji wa matundu". Siku ya tatu Baba Mkubwa aliandika: "Tumshukuru Mungu ni upasuaji mdogo." Huo udogo ulihama kutoka kwenye matundu ukaenda kukaa kwenye upasuaji, na bajeti yetu yote ikapangwa kwa kufuata ule udogo.

Turudi nyuma kidogo. Mama Mdogo ana miaka 52 na anauza mitumba Ngamiani, Tanga. Kwa miaka miwili alikuwa akisema tumbo linamuuma juu kushoto, maumivu yanapenya hadi mgongoni. Hospitali moja hapa nyumbani ilimpa dawa za vidonda vya tumbo, zikiisha anapewa nyingine. Hakuna aliyempima kwa altrasaundi hadi alipobadilisha hospitali mwenyewe, na altrasaundi ikazaa CT scan, na CT scan ikasema ana uvimbe wenye majimaji, sentimita 7, kwenye mkia wa kongosho.

Jirani mmoja aliuliza kama kongosho ni jina la ugonjwa. Simlaumu. Kiungo hiki kimejificha nyuma ya tumbo la chakula, kimelala kwa ulalo kama samaki: kichwa kimekumbatiwa na utumbo mwembamba upande wa kulia, mkia umefika kwenye bandama upande wa kushoto. Kinatoa insulini ya kudhibiti sukari na kinatoa maji makali ya kusagia chakula. Uvimbe wa ute kama aliokuwa nao Mama Mdogo huwapata zaidi wanawake wa umri wake, na hukaa zaidi sehemu ya mwili na mkia. Mara nyingi uvimbe huo si saratani, ila unaweza kugeuka. Ndiyo maana mwanamke mwenye nguvu akiwa nao, tena mkubwa kiasi hicho, hushauriwa autoe.

Michango ikapitishwa, tukaenda Chennai, India. Wakala aliyetushughulikia safari alituma picha ya mwanamke anayetabasamu, amevaa gauni jeupe, na maneno: siku mbili hospitalini, unarudi kazini. Nilichapisha ile picha nikaiweka kwenye faili pamoja na pasipoti. Ninayo mpaka leo. Siku nyingine huwa naitoa nikaitazama nikiwa na hasira.

Operesheni ilichukua saa nne na nusu. Nimeelezwa baadaye, kwa mchoro wa kalamu nyuma ya karatasi ya malipo, kilichofanyika. Kamera iliingia kwa tundu la kitovu, vyombo kwa mengine. Waliinua tumbo la chakula, wakaifikia kongosho, wakaiachanisha na mishipa mikubwa ya damu inayopita nyuma yake. Walitaka kuliacha bandama. Uvimbe ulikuwa umeng'ang'ania mishipa yake, wakalitoa. Kisha wakaikata kongosho kwa stepla, chombo kinachobana polepole kwa dakika kadhaa, kikapiga safu za pini pande zote mbili na kukata katikati. Mkia, uvimbe na bandama vikatiwa kwenye mfuko ndani kwa ndani. Na hapa ndipo nilipouliza swali la mtoto: kitu cha ukubwa huo kinatokaje kwenye tundu la sentimita moja? Hakitoki. Walifungua lile kovu la uzazi wakautolea mfuko hapo. Mama Mdogo alipoambiwa alisema, "Kumbe mlango wenyewe ule ule wa Hamisi." Hamisi ni mwanawe wa mwisho, ana miaka 19, na alifedheheka sana.

Kazi yangu ni uhasibu, na nikiogopa huwa nasoma takwimu. Zile usiku za gesti, nimelala kwenye godoro jembamba chini ya feni, nilisoma kila nilichokipata kuhusu kupona baada ya upasuaji huu. Waholanzi walifanya utafiti walioupa jina la LEOPARD: wagonjwa 108, hospitali 14, wote wa kutolewa upande wa kushoto wa kongosho, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine matundu, wengine tumbo kufunguliwa. Nilichokipenda ni kwamba hawakuuliza tu mtu alitoka hospitali siku ya ngapi, maana kutoka hospitali kunategemea bima, usafiri, hata mashemeji. Waliuliza mgonjwa amepona lini kiutendaji, na wakaweka masharti: atembee mwenyewe, maumivu yatulizwe kwa vidonge tu, ale angalau nusu ya chakula anachohitaji, asiwe na dripu, asiwe na dalili za maambukizi. Kwa masharti hayo, waliofanyiwa kwa matundu walipona kwa siku 4, waliofunguliwa kwa siku 6. Damu iliyopotea ilikuwa mililita 150 dhidi ya 400. Upasuaji wenyewe ulikuwa mrefu zaidi kwa matundu, kama dakika 40 hivi.

Nikayaandika yale masharti matano kwenye daftari nikawa napiga tiki. Siku ya tatu alitembea hadi mwisho wa wodi na kurudi, ameshika nguzo ya dripu kama mkongojo, khanga yake juu ya gauni la hospitali. Siku ya nne dripu ikatolewa. Kula kulikuwa vita, kwa sababu hakuipenda ile mikate yao ya mvuke, mpaka nilipopata unga wa semolina dukani na mpishi wa gesti akaniachia jiko. Nikamsongea kitu kinachokaribia ugali, akala na dengu zao. Siku ya tano nilikuwa na tiki tano. Kwa kipimo cha Waholanzi, Mama Mdogo alikuwa amepona.

Isipokuwa mrija.

Chupa ya mrija ilipaswa kukauka. Haikukauka. Kila asubuhi ilikuwa na maji ya rangi ya dafu lililochacha. Siku ya tatu walikuwa wameyapeleka maabara kupima amilesi, kimeng'enya cha kongosho. Kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, maana yake kongosho linavuja. Yake ilizidi mbali sana. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alisema tu: ni fistula, haina haja ya kurudi chumba cha upasuaji, mrija ubaki hadi ikauke yenyewe.

Mama Mdogo alililia lile neno, wala hakulia kwa ajili ya maji. Kwetu fistula ni jambo la kina mama waliochanika kwenye uzazi, wanaovuja mkojo, na aibu yote inayofuatana nalo. "Nimezaa watoto wanne bila fistula, leo nipewe fistula ya kongosho?" Ilibidi nimweleze kwamba kwa madaktari neno hilo ni njia yoyote inayovujisha mahali pasipo pake. Nadhani daktari akiwa na mgonjwa wa Kiswahili aseme kongosho linavuja, yatosha.

Ukiwaza vizuri, hapa ndipo ulipo udhaifu wote wa upasuaji huu, na matundu hayausaidii kitu. Kongosho ni laini kama jibini bichi, na maji yake yameumbwa kusaga nyama. Ukilikata, sehemu iliyobaki inaendelea kutengeneza maji yale yale yanayosaga, na kidonda chenyewe ni nyama. Katika ule utafiti wa LEOPARD kuvuja kwa kiwango cha kumsumbua mgonjwa kulitokea kwa asilimia 39 ya waliofanyiwa kwa matundu na asilimia 23 ya waliofunguliwa. Kwa idadi ndogo ile huwezi kusema kwa uhakika kwamba matundu ndiyo yaliyozidisha, ila huwezi pia kusema yalipunguza. Ngozi ilipona upesi. Kongosho lilijiendea kwa ratiba yake.

Bajeti yetu ilikuwa ya siku 12. Mrija ulitolewa siku ya 25.

Gesti yenyewe ilikuwa kama Tanga ndogo. Kulikuwa na Wasudani, Waomani wawili waliozungumza Kiswahili cha Unguja vizuri kuliko mimi, na kijana wa Pemba aliyemleta baba yake. Mzee alikuwa ametolewa saratani ya utumbo mpana mwaka uliotangulia, sasa ilikuwa imetupa mbegu kwenye ini. Yeye alifunguliwa. Uvimbe mmoja ulikuwa umekaa karibu mno na mshipa mkubwa wa damu, na daktari aliwaambia wazi kwamba hapo hataki kuingia kwa kamera. Kovu lake lilianzia chini ya kifua likashuka kisha likapinda kulia hadi ubavuni, umbo la bakora, na Mzee alikuwa akilionyesha kwa yeyote aliyemwamkia.

Basi tulikaa naye sebuleni jioni, Mama Mdogo na plasta zake na chupa yake ndani ya mfuko wa kitambaa, Mzee na bakora yake. Alimwambia: "Bibie, wewe wamekutoboa kama mwizi anavyotoboa ukuta, mimi wamenivunjia mlango. Lakini nani ataondoka mwanzo?" Aliondoka yeye, siku ya 16.

Ningeweza kuishia hapo niseme matundu ni uongo wa matangazo, na kwa muda niliamini hivyo. Hesabu zikanikataza. Oslo, Norway, walifanya utafiti kwa watu wenye maradhi kama ya Mzee hasa, saratani ya utumbo iliyohamia kwenye ini, wagonjwa 280, waliotolewa vipande bila kuchukua ini jingi. Waliopata madhara baada ya upasuaji walikuwa asilimia 31 kwa waliofunguliwa, 19 kwa waliofanyiwa kwa matundu. Waliofunguliwa walikaa wodini saa 96, wenzao saa 53. Hiyo si tofauti ya kupuuza, hasa kwa anayelipia kitanda kwa siku. Kisha walifuatiliwa, na baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 54 kwa matundu na 55 kwa waliofunguliwa. Yaani mlango ulikuwa tofauti, safari ikawa moja. Matundu yaliwapunguzia taabu ya mwezi wa kwanza na hayakugusa ile miaka.

Ini nalo lina tabia yake. Mtu mwenye ini zima lisilo na makovu anaweza kukatwa hadi karibu asilimia 70 akaishi, na lililobaki likatanuka kwa wiki na miezi mpaka likakaribia ukubwa wa awali. Kongosho ukilikata, umelikata. Lakini maneno "ini zima" ndiyo mtego kwetu, ambako homa ya ini aina ya B imeenea na mtu anafika kwa daktari ini limeshasinyaa kwa makovu. Kwa huyo hata kipande kidogo ni kikubwa.

Sasa, kuna utafiti mmoja ambao huwa nawasomea wanaonipigia simu, na huwa nawaomba wakae kwanza. Unahusu kichwa cha kongosho, ule upasuaji unaoitwa Whipple, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1935. Ni mzito kuliko wa Mama Mdogo: wanatoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba na mfuko wa nyongo, kisha wanashona upya kila kitu, kongosho kwenye utumbo, mrija wa nyongo kwenye utumbo, tumbo kwenye utumbo. Waholanzi wale wale walijaribu kuufanya kwa matundu, wakauita LEOPARD-2. Waliusimamisha katikati. Kati ya wagonjwa 50 wa matundu, 5 walikufa ndani ya siku 90 kutokana na madhara ya upasuaji. Kati ya 49 waliofunguliwa, alikufa 1. Na wale wa matundu hawakupona upesi: siku 10, dhidi ya 8.

Hawakuwa wanafunzi. Kila mpasuaji alikuwa amepitia mafunzo maalumu na alikuwa ameshafanya upasuaji huo kwa matundu angalau mara 20. Miaka miwili baadaye China wakatoa matokeo yao, wagonjwa 656, hospitali 14, na vifo vilikuwa sawa pande zote mbili. Kule kila mpasuaji alikuwa amefanya angalau 104. Na faida waliyoipata, kwa ustadi wote huo? Siku 15 hospitalini badala ya 16. Huko huko jimbo la Tamil Nadu tulikokuwa, mji wa Coimbatore, Dkt. Palanivelu na wenzake walipata siku 7 badala ya 13, lakini ni hospitali moja, wagonjwa 64, na mikono iliyozoea kazi hiyo miaka mingi.

Ishirini, mia moja na nne. Mhasibu hawezi kuzipita namba hizo bila kusimama. Marekani waliona jambo hilo zamani, hata kabla ya matundu: utafiti wa mwaka 2002 wa wagonjwa wazee ulikuta kwamba kwenye hospitali zilizofanya upasuaji wa kongosho kwa nadra sana vifo vilikuwa asilimia 16.3, na kwenye zile zilizoufanya mara nyingi zaidi 3.8. Ndiyo maana mtu akiniuliza "je, wana matundu?" huwa namwambia akaulize kwanza wamefanya mangapi, mwaka jana, huyo huyo atakayeshika chombo. Na aulize kwa heshima, maana daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Wetu alijibu kabla sijamaliza sentensi.

Majibu ya maabara yalikuja siku ya tisa: hakuna saratani. Uvimbe wa aina ile ukitolewa wote na usiwe na saratani, hauhitaji kufuatiliwa kila mwaka. Tulipiga simu nyumbani, Baba Mkubwa akaandika tena kwamba alisema tangu mwanzo ni upasuaji mdogo.

Siku ya kuruhusiwa yule daktari mwenye miwani alimuuliza Mama Mdogo swali ambalo hakuna ndugu aliyewahi kulifikiria. "Kwenu kuna malaria?"

"Tanga?" akasema Mama Mdogo, na akanitazama kama vile ameulizwa kama kwao kuna bahari.

Bandama ndilo linalochuja chembe za damu zenye vimelea na ndilo linalosaidia kuua bakteria fulani wa nimonia na uti wa mgongo. Asiye nalo, homa inaweza kumgeukia ndani ya saa chache. Walimchoma chanjo baada ya wiki mbili, wakampa vidonge vya antibiotiki vya kukaa navyo, na masharti: neti kila usiku, na homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri Panadol ifanye kazi. Na apime sukari, kwa kuwa mkia ndio uliosheheni chembe za kutengeneza insulini kuliko sehemu nyingine. Miezi sita sasa sukari yake inapanda kidogo akila wali usiku. Hajaanza dawa.

Mwezi wa kwanza nyumbani ndio uliokuwa mgumu, na sikuuona umeandikwa kwenye utafiti wowote. Wageni walikuja kumpa pole, akafunua tumbo, wakaona vitone vitano, wakaguna. Hakuna aliyeleta uji. Shoga yake mmoja alimuuliza kwa nini amelala mchana. Mwenye kovu la bakora huachiwa alale. Mwenye vitone hutarajiwa sokoni. Naye kwa aibu alikwenda, wiki ya tano, akajaribu kusukuma robota la mashati pamoja na kijana wa mkokoteni, na lile kovu la chini likamchoma hadi akakaa juu ya robota lenyewe na kuanza kuuza akiwa amekaa hapo hapo. Ameendelea kuuza akiwa amekaa. Anasema wateja wanamheshimu zaidi.

Wiki iliyopita nilikwenda Tanga. Alitaka kunipa nauli ya kurudi, nikakataa, akanilazimisha kama kawaida yake. Akafungua pindo la khanga lililofundikwa kiunoni. Ndani kulikuwa na noti za elfu kumi zilizokunjwa mara nne, funguo ya kibanda, na vile vidonge vya antibiotiki, vimezungushiwa nailoni. Alitoa noti, akavihesabu vidonge, akafunga fundo tena.